Naisi Yangu Imenirudia

Mashoga zangu, leo nimesifiwa mpaka nikatamani ardhi inimeze!

Mnalijua lile neno langu la Kiingereza, naisi. Tangu niolewe nalitumia kila mahali. Kanga za mama mkwe, naisi. Mchuzi wake wa papa, naisi. Bakari wangu akivaa koti, naisi kabisa!

Jana mama mkwe akaniuliza maana yake. Nikajivuna kisomi: "Ni zuri, mama. Au tamu, au safi, au mpole. Laenea kila kitu."

"Neno moja kazi zote hizo? Halichoki?"

Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kumpikia. Nilipika bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa samaki, moyo ukinidunda, maana hapa mtaani Mabawa mke mpya hupimwa kwa chungu chake.

Akaonja. Akatafuna polepole.

"Naisi, mwanangu."

Nusura niruke!

Kisha nikamwona Bakari akinywa gilasi ya tatu ya maji. Nikaonja mwenyewe. Lahaula! Chumvi nimetia mara mbili, kwani nilipokuwa napika nilikuwa namtazama huyo mume wangu anavyochana nywele.

"Mama, mbona hukuniambia?"

Akajibu huku akijizuia kucheka: "Nimekwambia. Si laenea kila kitu?"

Nikainamisha kichwa, machozi yananilenga. Hapo Bakari akasogeza sahani yake.

"Niongeze, mke wangu."

Jamani, mume huyu! Nataka kumsifu, na kila nikifungua kinywa linatoka lile lile. Nipeni neno jingine, upesi!