Udongo wa Brindle Lane Hauendi Dampo

Saa moja na robo asubuhi. Manyunyu yanaanguka na Glenys Outhwaite, mwenye umri wa miaka 64, anarudi nyuma taratibu na lori lake la kuvuta magari mabovu. Getini, tipa lililojaa udongo limezama kwenye tope hadi ekseli. Malori matatu ya zege yamekosa njia ya kuingia na yanapiga honi mfululizo.

Hapendi kufika hapa. Geti hili, pembezoni mwa mji wa Skelbrough, kaskazini mwa England, lilikuwa la Uwanja wa Brindle Lane, ambako kwa miaka 58 magari chakavu yanayogongana makusudi yalishindana kila Jumamosi.

"Nimeyavuta hapa miaka thelathini na moja," anasema huku akiburuta waya wa winchi. "Yakijibamiza ukutani, naingia na trekta, nayatoa kabla watu hawajamaliza chipsi zao. Leo naitwa kuwavuta hawa wajenga maghorofa!"

Uwanja ulifungwa miaka miwili iliyopita, ardhi ikauzwa. Mumewe, Desmond, aliyeendesha gari namba 218, alikuwa ameshafariki kwa saratani ya mapafu. Aliacha wosia kwamba mwili wake uchomwe na majivu yamwagwe kona ya tatu, mahali alipopinduka mara nyingi kuliko dereva mwingine yeyote, na ndivyo ilivyofanyika. Familia nyingine kumi na tatu zimemwaga majivu ya wapendwa wao kwenye kona hiyohiyo.

Kampuni ya ujenzi iliahidi kuiacha kona hiyo iwe bustani.

"Walituonyesha mchoro, una benchi na miti," anasema Glenys. "Nami mjinga nikapiga makofi."

Anainama kufunga ndoano. Kwenye udongo uliomwagika anaona kipande cha zege chenye rangi nyeupe na nyekundu. Anakifahamu. Ni cha ukuta wa uwanja.

"Udongo wa wapi huu?" anamuuliza dereva wa tipa.

"Wa kule mwisho, mama, kwenye ile kona. Wanachimba maegesho."

Glenys anaifungua ndoano.

Msimamizi wa ujenzi, Neville Strang, anakuja mbio, kofia ngumu ikimchezacheza kichwani. "Mama, mbona unafungua? Zege litaganda!"

"Ligande! Mume wangu yumo humu."

"Yumo wapi?"

"Kwenye tipa lako, bwana mkubwa. Unampeleka dampo!"

Strang anageukia tipa. "Mimi nimeletwa hapa Januari. Hizo habari sizijui."

"Sasa umezijua."

"Mvute basi, shangazi!" anapiga kelele dereva mmoja wa zege.

"Shuka umvute wewe kwa meno!"

Strang anatazama saa, anatazama malori. "Unataka nini?"

"Bustani yetu."

"Hiyo sina uwezo nayo."

"Basi udongo wote wa kona ile uende nitakakosema mimi. Na uandike. Maneno yenu matupu nimeyachoka."

Strang anaandika nyuma ya hati ya mzigo na kutia saini. Ndipo winchi inapoanza kunguruma.

Hadi jioni, matipa kumi na moja yamemwaga udongo kwenye shamba la Clifford Ackroyd, dereva mstaafu wa mashindano hayo, kilomita tisa kutoka uwanjani. Ackroyd anawapokea madereva kwa chai na kuwaonyesha pa kumwaga. Glenys anasimama kando ya lundo, buti zake zimejaa tope.

"Msije mkaandika kwamba nimefurahi," anaonya. "Walidanganya, na hakuna aliyeniomba radhi. Tena nusu ya kona waliizoa wiki iliyopita. Desmond yuko nusu ipi? Nani ataniambia?"

Anafuta pua kwa mgongo wa glavu.

Wiki kadhaa kabla ya leo, yeye na Ackroyd waliomba kibali cha halmashauri wachonge uwanja mdogo wa mashindano hapo shambani; sasa udongo huu utakuwa wa kona yake. Kikao ni tarehe 14 Machi. Majirani wawili wameshapinga, wakilalamikia kelele.

Na halmashauri ikikataa?

"Nitarudi Aprili. Wakikataa tena, nitarudi Mei," anasema Glenys. "Nastaafu mwezi ujao. Nitakuwa na siku nzima, kila siku, ya kuwasumbua."