Panne za Lori Jipya

Mama yangu husema kwamba hata kanisani, padri akisema "Bwana awe nanyi", mimi nageuka nyuma kuangalia anasema na nani. Anatia chumvi, lakini si nyingi. Nilisoma informatique, yaani mambo ya kompyuta, hapa Lubumbashi, na nilichotoka nacho chuoni, ukiacha diploma, ni mazoea ya kutoamini jambo kwa sababu tu limechapwa vizuri.

Ndiyo maana siku niliyoitwa kwa mara ya kwanza katika ile kampuni ya usafirishaji, sikumtazama patron, mwenye kampuni. Nilitazama mchoro uliotundikwa ukutani nyuma ya kiti chake. Ulikuwa na visanduku na mishale: oda inaingia, lori linapakiwa, linaondoka, linafika, linapakuliwa, mteja anatia sahihi, lori linarudi. Ulikuwa ndani ya fremu ya dhahabu, kama picha ya harusi. Nilijiambia kwamba hakuna lori duniani linaloishi hivyo.

Patron alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, aliyeanza na maharage na viazi na sasa ana malori yanayoleta saruji na unga kutoka mpakani. Mteja wake mkubwa, mjenzi wa nyumba upande wa Karavia, alikuwa ametishia kuhama. Saruji ilimfikia imechelewa, na hakuna aliyeweza kumweleza kwa nini.

"Nataka nijue malori yangu yanafanya nini kabisa," patron aliniambia. "Siyo ile batu banasema. Ile inafanyika."

Kazi yenyewe si uchawi. Kila karani anapobonyeza kitu katika programu ya kampuni, inabaki alama: lori gani, hatua gani, saa gani, akaunti ya nani. Unazichukua alama hizo zote, unazifunga pamoja safari kwa safari, na kompyuta inakuchorea njia ambazo kazi inapita kweli. Mahali wengi wanapopita mstari unanenepa; wanapopita wachache unakuwa mwembamba. Kisha unaweka mchoro huo kando ya ule wa ukutani, na unaona watu wanapoachana na karatasi.

Niliwaeleza madereva kwamba nachimba alama. Kusema hivyo katika mji huu lilikuwa kosa. Kuanzia siku ile wakaniita creuseur, kama wale vijana wanaochimba madini kwa mikono.

"Creuseur, leo umeshimba wapi?"

"Mu ordinateur," nikajibu, nikigusa kompyuta yangu.

"Ukipata shaba, usitusahau. Ukipata mavumbi, ubakie nayo."

Nilicheka nao. Lakini nilijua pia kwamba mtu hukutania hivyo anapotaka kujua umefika umbali gani.

Mchoro ulipotoka, ulikuwa kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Hilo halikunishangaza. Kilichonisimamisha ni mstari mmoja, mwembamba lakini mkaidi. Lori lilikuwa linapakiwa saruji, halafu linaandikwa panne, yaani limeharibika, kabla ya kutoka getini, halafu linapakiwa tena saruji ileile, na ndipo linaondoka, limechelewa nusu siku. Katika njia hiyo hapakuwa na garage. Hapakuwa na fundi, wala kipuri kilichonunuliwa. Na lori lililoharibika kuliko yote lilikuwa lile jipya, ambalo plastiki za viti vyake zilikuwa bado hazijatolewa.

Mtu asiye na shaka angesema ni makosa ya uandishi. Mimi niliona wizi. Saruji inapakiwa, inashushwa, na baadaye inapakiwa tena: kati ya hapo mifuko inaweza kwenda popote. Na panne zote ziliandikwa kwa akaunti moja, ya mama aliyepanga safari za malori.

Alikuwa mjane, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyeshuka zamani kutoka kaskazini ya Katanga. Alikaa kwenye kibanda cha vioo karibu na geti, na funguo za malori yote zilining'inia nyuma ya kichwa chake. Mshahara wake ulikuwa unasomesha wajukuu watatu. Simu yake ilikuwa ile ndogo yenye tochi, imefungwa kwa mpira ili betri isidondoke, na madereva walimcheka kwa ajili yake kila siku.

Nilimwendea taratibu.

"Mama, ile camion mupya inasumbua sana?"

"Inasumbua."

"Inakuwaka na nini?"

"Iko camion. Camion inakuwaka na panne."

"Lakini haifikake ku garage."

"Inaponaka yenyewe," akasema, "sawa mutoto ya homa." Akaniangalia juu ya miwani. "Na weye, unatumwa na nani? Juu muntu haulizake panne bule."

Nikasema natumwa na patron. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayethibitishiwa jambo alilolijua, na akageukia dereva aliyekuwa anangoja dirishani.

Jioni nilimwonyesha patron mstari ule. Nilitegemea aruke kitini. Hakuruka. Aliusoma kwa kidole, kutoka kisanduku hadi kisanduku, halafu akasema, "Niletee jina, petit. Mchoro bila jina iko mapambo."

"Jina bila kujua kilichotokea?"

"Muteja atakuja Ijumaa. Nataka akute nimeshaondoa mutu mubaya."

Nilitoka ofisini na wasiwasi ambao sikuja nao. Mtu anayeibiwa huuliza kwanza ameibiwa nini. Huyu aliuliza nani. Na sote wawili tulijua jina litakuwa lipi. Ijumaa mama yule angekabidhi funguo na kwenda nyumbani, na mchoro wangu ndio ungemsindikiza.

Sikutaka kumtoa mtu kazini kwa mstari nisioujua. Asubuhi iliyofuata nilimlipa mtu wa moto, hizi pikipiki za abiria, angoje nami ng'ambo ya barabara. Lori jipya lilikuwa limepakiwa tangu kulipopambazuka. Muda kidogo baadaye wapakizi waliishusha saruji, wakaipanga ndani ya depo, na lori likatoka getini likiwa tupu. Nilihesabu mfuko kwa mfuko kwa macho kadiri nilivyoweza. Hakuna uliotoka.

Tulilifuata hadi mtaa wa Kenya. Liliingia katika barabara nyembamba, likapita wachomeleaji waliokuwa wanatengeneza milango ya chuma, likasimama mbele ya uwanja uliojaa viti vya plastiki. Wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka, vichwa vimefungwa vitenge. Kilikuwa kilio. Vijana walipandisha jeneza, kisha viti, kisha wakawasaidia wamama kupanda mmoja mmoja, na nyimbo zikaanza hata kabla dereva hajawasha.

Mtu wa moto alivua kofia. "Tunafuata tena?"

Tulifuata. Tulipita Kasungami, mashamba ya mahindi upande mmoja na nyumba zisizoisha kujengwa upande mwingine, hadi makaburini. Nilisimama nyuma ya wanaume, na mzee mmoja akanisogelea.

"Weye njo wa upande wa marehemu ao wa bibi yake?"

"Wa kazini," nikasema. Haukuwa uongo.

"Ba kampuni. Tunashukuru. Bila panne ya mama, tungemubeba mu pousse-pousse ya kusukuma na mikono."

"Panne inaombwaka ku nani?"

"Ku mama mwenyewe. Ukiwa wa kanisa yake, anakusikia. Ukiwa wa kanisa ingine, unaangalia benzako banapita."

Aliyasema hayo bila uchungu, kama anavyosema mtu kuhusu mvua. Mimi yalinichoma. Nilikuwa nimeanza kumwonea huruma mama yule, na sasa huruma ikaingia mchanga. Kwa hiyo lilikuwa jambo jema, lakini lenye mlango, na yeye ndiye aliyekaa mlangoni. Nikiwa juu ya moto, vumbi mdomoni, nilijiuliza swali lingine: saruji inashushwa mchana kweupe, wapakizi wanaona, mlinzi anafungua geti. Yeye peke yake anaweza vipi?

Niliporudi kwenye kompyuta niliacha kutazama nani aliandika panne. Nilitazama nini hutokea baadaye. Programu ile haikubali lori lisimame nusu siku bila ruhusa ya ofisi kuu. Kila panne, basi, ilikuwa na alama ya pili iliyojificha chini ya ya kwanza, na ile ya pili ilikuwa ya akaunti ya patron.

Sikulala vizuri, na sitasema ni kwa ajili ya ujasiri. Nilikuwa bado sijalipwa.

Ijumaa tulikaa wanne ofisini: patron, mteja wa Karavia na viatu vyake vyenye saruji, mama yule pembeni ya mlango kama mtu anayengoja daktari, na mimi na mchoro wangu. Nilieleza mstari wote. Nikasema hakuna mfuko ulioibiwa. Nikasema lori linakwenda kwenye vilio.

Mteja aligeukia patron. "Ulijua?"

"Ningejuaje? Mama njo anaandika."

"Ruhusa inatoka kwenye akaunti ya ofisi kuu," nikasema.

Patron hakunitazama. "Mama anajua code yangu. Nilimwaminia."

Mama yule alikuwa anaangalia mikono yake. Nilielewa kwamba asingejitetea, na kwamba kama ningenyamaza, mambo yangeishia hapo.

"Ruhusa zote zimetoka kwenye simu," nikasema. "Simu ileile unayoifungua kila asubuhi, patron, kuangalia mazout iliyobaki kwenye matangi ya malori. Simu ya mama haifungue programu. Haifungue hata picha."

Mteja alicheka kwanza, puani. Alimjua mama na tochi yake. Kila aliyewahi kungoja saruji getini pale aliwahi kuiona. Patron alijaribu kushika uso wake, kisha akauachia.

"Kilio ya kwanza ilikuwa ya mama ya chauffeur wangu," akasema hatimaye. "Ningemwambia nini? Kisha wa pili akasema, mbona wa kwanza ulimupa."

Hadi leo sijui niamini kiasi gani. Inawezekana ilikuwa huruma. Inawezekana pia kwamba wamama waliopanda lori lile wote hununua unga wake sokoni Kenya, na hakuna tangazo linaloshinda lori lenye rangi za kampuni likiwa limebeba jeneza. Nilimuuliza jambo hilo baadaye, kwa maneno laini. Alisema nina kichwa kibaya.

Aliyebadilisha mambo ni mteja. Hakutaka mtu afukuzwe. "Muzike bantu benu," akasema. "Lakini saa sita ninaambiwa panne, ninabakisha mafundi wangu wanangoja, juu panne inaweza kuisha saa saba. Mukiniambia kilio, ninabapeleka kazi ingine mpaka jioni. Miye ninalipa uongo wenu, silipe kuchelewa."

Mama akarudi kibandani kwake na funguo zake. Patron alisema tu, "Tutaona," neno ambalo katika nyumba ya mwenye mali lina maana ya hapana.

Mchana uleule wanaume wawili walikuja getini, kofia mkononi. Nilikuwa kibandani nachomoa nyaya zangu. Walisalimia, wakaeleza: dada yao, mazishi kesho. Mama akawauliza kanisa lao. Wakataja.

"Camion hakuna," akasema, na kuninong'oneza: "Bale siyo ba kwetu. Na miye leo nimeshaponea mara moja."

"Mama, wa kwenu walipewa."

"Zamani njo ilikuwa vile. Sasa iko vingine. Weye njo uliitengeneza hii yote, enda ubaambie weye."

Alikuwa na haki, na nilichukia kwamba alikuwa na haki. Lakini badala ya kwenda getini nilimpigia patron. Nikamweleza.

"Ile mchoro yako itaonyesha?" akauliza.

"Itaonyesha."

"Kwa jina gani?"

"Kilio. Nimeongeza hatua hiyo katika programu, kama mteja alivyotaka."

"Na jina langu?"

"Chini yake, patron."

Akapumua. "Aandike. Lakini mazout iwe yao, na saruji ya Karavia itoke kwanza."

Nilimrudia mama na jibu hilo. Hakufurahi, wala hakukunja uso. Alivuta kibodi, akaanza kuandika panne kwa mazoea ya kidole, akaifuta, akaandika upya herufi kwa herufi.

"Ule wa Karavia ataona?"

"Ataona."

"Aone." Akasogeza kiti. "Na jina yangu iko pale?"

"Iko."

"Na ya patron?"

"Inakuja, mama. Anatakiwa abonyeze kwenye simu yake."

Dereva alikuwa ameshanyoosha mkono dirishani akitaka ufunguo wa kesho. Mama aliutoa ukutani, lakini hakumpa. Aliuweka mapajani, akaufunika kwa viganja viwili, macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Mama, patron si amesema mu simu?" dereva akauliza.

"Amesema ku sikio ya huyu," akajibu, akinielekezea kidevu. "Miye mingali sijaona."

Wale wanaume wawili walikuwa bado wamesimama getini. Tulingoja. Jina la patron lilipotokea, mama alisogeza miwani, akalisoma lote kimyakimya huku midomo ikicheza, kisha akarudia kulisoma. Ndipo alipotoa ufunguo.