Siku Niliyoingia Koito ya Watu Nimevaa Pazia

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine ikiwa imeongezwa chumvi: yule jamaa aliyeingia kwenye shughuli ya watu kule Olenguruone amevaa pazia, akapuliza vuvuzela na kudai binti wa nyumba atolewe kabla jua halijatua, ni mimi. Sikuwa nimelewa (hata chai nilikuwa sijanywa), na wala sikuwa natafuta umaarufu, ingawa ile video ilizunguka mpaka ikamfikia mamangu kupitia kwa mama mmoja wa kwaya kabla mimi mwenyewe sijafika nyumbani. Mathe hakunigombeza. Aliniangalia tu kutoka juu mpaka chini, akauliza, "Na hao watu walikupatia chakula?"

Ili muelewe, lazima nianzie kwa gemu. Mimi nafanya kazi kwenye duka la kuchapisha kadi na mabango hapa Free Area, Nakuru, na jioni nikishafunga naingia kwa simu kucheza gemu moja tunayoiita Falme. Humo huchezi ukiwa wewe. Unachukua jina lingine na cheo kingine, na ukifungua mdomo unaongea kama huyo mtu, kwa hivyo unaweza kupata kinyozi wa Njoro ni jenerali mwenye sauti ya kutisha na mwanafunzi wa uuguzi ni mganga wa nyoka. Sasa, Falme haina meseji za kuvuka kutoka ufalme mmoja hadi mwingine. Mtu wa tambarare akitaka kuongea na mtu wa mlimani inabidi apande farasi wake avuke ramani nzima, na njiani kuna majambazi, na watu wana kazi zao na bando zao za kuhesabu, kwa hivyo wengi walikuwa wanakaa tu bila kuongea na majirani, halafu wanapigana vita kwa sababu ya mambo ambayo wangeyamaliza kwa maneno mawili.

Ndio nikaanzisha huduma ya matarishi. Unanipa ujumbe kwa mdomo, naushika kichwani, napanda farasi, naupeleka. Niliweka masharti na niliyachukulia kwa uzito kuliko kazi yangu ya mchana (bosi wangu asisome hapa): tarishi haongezi neno wala hapunguzi, akifika anapuliza baragumu, kisha anangoja mpaka aambiwe "Sema ulichotumwa," na akishaambiwa hivyo anasema yote moja kwa moja bila kusimama. Watu walinicheka. Waliniita posta. Nilikaa kwenye daraja la katikati na farasi wangu, wiki nzima, hakuna mtu ananipa hata salamu ya kupeleka.

Wa kwanza kunipa kazi alikuwa Malkia wa Mlimani. Alikuja mpaka pale darajani na walinzi wake, akasema kwa ile sauti yake ya polepole, "Tarishi, nasikia huna kazi. Nenda umwambie mfalme wa tambarare kwamba farasi wake wanakula nyasi zangu na nimewahesabu wote." Nikaenda, nikasema, mfalme akacheka, akanipa jibu nirudishe, na kuanzia siku hiyo huduma ikashika. Baadaye tulijiunga wachezaji kadhaa, nikawa mkuu wao. Malkia mwenyewe sikuwahi kumuona ana kwa ana. Nilijua tu kwamba jina lake la kweli ni Chelangat na anatoka Olenguruone, kwa sababu siku moja alitutumia viazi pale dukani, na akanielekeza kwao kwa simu: upite mahali maziwa yanakusanywa, nyumba ya geti la buluu, ukija huku juu usipite bila kutusalimia.

Halafu Malkia akapotea. Hakuingia kwa gemu, simu yake ikawa haipatikani, na haya yote yalitokea wakati mbaya, kwa sababu jeshi lake lilikuwa limemshika binti wa mfalme wa tambarare (hiyo ni hadithi ya gemu, tulieni), na kila mtu alikuwa anangoja aseme kama atamwachilia. Mfalme wa tambarare, ambaye kwa maisha ya kawaida ni kijana mpole wa Karagita anayefanya kazi kwenye shamba la maua, akanipa ujumbe mkali wa kupeleka. Niliupeleka mpaka ikulu ya mlimani, nikakuta kiti kitupu. Wasimamizi wa gemu wakatangaza kwamba Malkia asipojibu kufikia Jumapili, kiti kinapewa mtu mwingine. Na tayari kulikuwa na jamaa fulani anakitaka, anazungukazunguka ikulu kama mpangaji anayepima chumba ambacho mwenyewe hajahama.

Sikupenda hiyo. Pia nilikuwa na wasiwasi wa kawaida tu, wa binadamu, kwamba huyu mtu tumeongea naye karibu kila jioni na sasa hayuko na hakuna anayejua kama ni mgonjwa au nini. Nikamwambia rafiki yangu Jaspreet, "Jumamosi naenda Olenguruone. Nitampelekea ujumbe kwa mdomo, kama tarishi wa kweli."

Jaspreet ni tarishi mwenzangu, na mamake ana duka la vitambaa vya mapazia kule tauni. Akafurahi kupita kiasi. Akachukua mabaki ya kitambaa kizito cha rangi ya damu ya mzee, chenye mashada ya dhahabu pembeni, akashona joho, akanipa na vuvuzela aliyoizungushia karatasi ya dhahabu. "Ukifika kwa geti," akaniambia, "vaa, piga picha moja ya kututumia kwa kikundi chetu, vua, halafu ubishe hodi kama mtu wa kawaida."

Huo ulikuwa mpango mzuri, na ningeufuata hatungekuwa tunaongea hapa. Lakini mimi ni mtu wa Nakuru, niliondoka asubuhi kukiwa na jua, na shati tu. Nikashuka Olenguruone, ukungu umekaa barabarani kama umelipiwa, mvua nyepesi, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Nikasimama hapo natetemeka. Kwenye begi kulikuwa na kitambaa kizito. Nikasema, si nivae tu mpaka nifike? Nani ananijua hapa?

Nikavaa. Kusema ukweli lilikuwa na joto zuri sana.

Mtu wa boda aliniangalia, akaangalia vuvuzela, akasema, "Boss, wewe ni wa ile shughuli?" Mimi kwa baridi sikusikia vizuri, nikamwambia naenda kwa kina Chelangat, karibu na pale maziwa inakusanywa, geti ya buluu. "Ndio hiyo shughuli," akasema, na tukaondoka.

Tukafika, nikaona mahema. Nikaona magari, wazee wa kofia, akina mama wamevaa sare, viti vya plastiki vimejaa mpaka kwenye nyasi. Nilifikiri ni matanga. Nilifikiri Chelangat amekufa na mimi nimekuja na vuvuzela. Nikamuuliza mzee aliyekuwa getini, "Mzee, Chelangat yuko?"

"Yuko ndani huko jikoni," akasema. "Leo ni koito ya dada yake." (Koito ni ile siku upande wa mwanaume unakuja rasmi kuketi na upande wa msichana, wakubaliane mambo ya ndoa.) "Wewe ni nani?"

Kwa ile furaha ya kusikia yuko hai, nikajibu bila kufikiria. "Mimi ni tarishi. Nimetumwa na ujumbe."

Mzee akatikisa kichwa kwa heshima, akanishika mkono, akaniongoza katikati ya mahema, mimi namwambia mzee ngoja, mimi si wa hapa, yeye anasema usijali, kila mtu leo ni wa hapa. Akamnong'oneza MC. MC akachangamka, kwa sababu mazungumzo yalikuwa yamekwama tangu asubuhi na watu wanasinzia, akatangaza, "Wageni wetu wametuma mjumbe, na mnaona alivyovaa. Hii familia imejipanga." Upande wa bwana harusi wakaangaliana. Upande wa bibi harusi wakajiweka sawa kwenye viti. Na akina mama fulani wakasema, "Wacha apige hiyo kitu yake."

Nikapuliza. Sijui kwa nini. Watu kama mia wanakuangalia, unafanya unachoambiwa.

Nilikuwa nimepanga kusema samahani, nimekosea njia, kwaheri. Hayo maneno nilikuwa nayo tayari mdomoni. Lakini baba ya bibi harusi, mzee mrefu wa koti la kijivu aliyekaa mbele, akainua mkono akaniambia kwa upole, "Haya, kijana. Sema ulichotumwa."

Sasa mimi hayo maneno nimeyasikia mara ngapi kwenye gemu? Yakisemwa, mdomo wangu unafunguka wenyewe kama mlango wa benki. Nikasimama wima, nikatupa joho nyuma, na kwa maiki ya watu nikasema:

"Natoka kwa mfalme wa tambarare. Amechoka kungoja. Umemkalia binti kama mali yako, na kila siku unatoa sababu mpya. Mtoe leo kabla jua halijatua, la sivyo hakuna gunia hata moja la chumvi litakalopanda mlima huu."

Nilisikia mvua kwenye hema.

Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akasimama, akasema, "Wazazi wetu, huyu si wetu. Hatumjui. Sisi hatujachoka kungoja." Mwingine akaongeza, "Tunaweza kungoja hata mwaka." Bwana harusi mwenyewe alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Kwa upande ule mwingine, mzee mmoja mkongwe aliyekuwa na fimbo akainama kwa jirani yake akauliza, kwa sauti ambayo yeye alidhani ni ya chini, "Chumvi gani? Ya ng'ombe ama ya chakula?"

Baba ya bibi harusi hakuinuka. Aliniuliza tu, "Nani amekutuma?" Na mimi nikaanza kueleza, mzee, kuna gemu, iko kwa simu, kuna malkia, na kila nilivyoendelea niliona vijana wawili wenye mabega wakisogea karibu na mimi, na simu zimeinuliwa kila upande zinanirekodi, nikaanza kutamani hilo joho linifunike kichwa kabisa.

Ndio mlango wa jikoni ukafunguka.

Akatoka msichana mwenye magongo mawili. Alitembea polepole, mguu mmoja haukanyagi vizuri, na nikaona watu wa nyumba ile wamesahau mambo yangu, wote wanamwangalia yeye. Mamake alisimama nusu, akakaa tena. Baadaye ndio nilielezwa: alikuwa ameanguka na pikipiki, nyonga ikaumia na simu ikasagika hapo hapo, na tangu atoke hospitali hakuwa amekubali kutoka nje mbele ya wageni, hata kanisani. Siku hiyo ya dada yake aliomba aachwe jikoni apange vikombe. Alikuwa amekaa huko akasikia baragumu.

Akaja mpaka katikati ya hema, akasimama mbele yangu, akajinyoosha.

"Tarishi," akasema, na ilikuwa ile sauti, ile ya polepole ninayoijua, "umechelewa."

Nikainama. Macho yalikuwa yananiwasha na sikutaka kamera zione. "Njia ilikuwa mbaya, Malkia."

"Mwambie mfalme wako binti yake atarudi asubuhi. Amekula vizuri na hajaguswa. Na chumvi asithubutu." Akamgeukia yule mzee wa fimbo. "Ni zote mbili, babu. Ya ng'ombe na ya chakula."

"Hapo sawa," mzee akasema, akatulia kabisa.

Aliyecheka kwanza ni bibi harusi. Alicheka mpaka shanga za kichwani zikasogea, na huku anacheka machozi yanamtoka, akaja akamkumbatia dada yake, magongo na yote. Halafu upande wa kina bwana harusi wakacheka, nafikiri kwa kushukuru kwamba hawana hatia. Baba ya kina Chelangat hakucheka. Alisimama, akachukua kile kiti chake cha mbele, akakisogeza nyuma ya Chelangat, akamwambia, "Keti hapa." Akaketi. Hakurudi jikoni tena siku hiyo.

Mimi nilipewa chakula, nimjibu mamangu: nyama, ugali, na mursik (yale maziwa yao ya kugandishwa kwenye kibuyu) ambayo nilikunywa yote kwa sababu sikuona njia ya kukataa kitu chochote katika nyumba ile. Niliketi pembeni nimekunja joho mapajani, na kila aliyepita aliniangalia na kuanza kucheka upya. Chelangat alinisogelea jioni nikiwa naaga. "Nilidhani hakuna mtu ameona nimepotea," akasema. Nikamwambia kuna jamaa anapima kiti chake. Akauliza ni nani. Nikamtajia. Uso wake ukabadilika kwa namna ambayo nilimwonea huruma yule jamaa, akamwomba dada yake simu hapo hapo.

Sasa anatembea na gongo moja, na anasema hata hilo atalitupa. Kiti chake yupo nacho. Lakini pia aliomba awe mkuu wa matarishi wote, akisema huduma nzuri kama hii haiwezi kuachiwa mtu kama mimi, wenzangu wakapiga kura, na Jaspreet, mshonaji wa lile joho, akampigia yeye. Amri yake ya kwanza ni kwamba tarishi yeyote akifika mahali, kabla hajafungua mdomo, aulize kwanza watu wameketi kwa ajili gani. Mimi ndiye niliyeapishwa kwanza, mbele ya wote, kwa sauti, na nilirudia kila neno bila kuongeza wala kupunguza.