Jina la Paluku Kwenye Kaseti ya Wapinzani

Siku ile, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu yake ya samaki. Ilikuwa wakati wa vita, mto umefungwa, hakuna boti iliyopanda kutoka Kinshasa hadi kwetu Kisangani. Kaka yangu Paluku alikuwa huko, na kwa muda mrefu hatukujua kama yu hai. Kila Jumapili Mama alimwekea sahani mezani. Papa alikula akiitazama sahani ile.

Ninyi leo wimbo ukitoka mnaupata kwenye simu kabla ya kunawa uso. Sisi tulisubiri kaseti. Na vijana wa mtaa tuligawanyika, kambi ya orkestra hii na kambi ya orkestra ile, hata salamu hatupeani. Usicheke. Mabomu yanaanguka, na sisi tunanuniana kwa ajili ya wapiga gitaa wasiotujua! Mkuu wa kambi yetu, kabla hajasafiri, alikuwa Paluku mwenyewe.

Basi jirani yetu Bosenge, aliyebeba abiria kwa baiskeli, alipata kaseti mpya ya orkestra ya kambi yake. Ilipenyezwa kupitia mji wa Isangi kwa pirogi, mtumbwi mdogo, ndani ya kapu la samaki wakavu. Akaja mbio mlangoni kwetu, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu kambi zigombane.

"Masika, kuya! Banaita jina ya yaya yako mu kaseti!"

Jina la kaka yangu! Unawajua waimbaji wetu, katikati ya wimbo huita majina ya marafiki na wafadhili. Lakini Paluku, kwa wapinzani? Nilikasirika. Ama Bosenge ananitania, ama kaka ametuhama. Nikabaki mlangoni, miguu haitaki kuvuka.

Papa akanipita. Papa yangu Kambale, mfanyabiashara kutoka Butembo, mtu wa misa na duka, aliyeuita muziki wote ule kelele. Aliingia kwenye ua wa Bosenge, mimi nikimfuata nyuma, akaketi juu ya kreti mbele ya redio ya kaseti, ambayo betri zake zilikuwa zimeanikwa juani asubuhi nzima ili zipate nguvu. Mwimbaji akaita: Paluku wa Kisangani, mwana wa Papa Kambale! Na wimbo ulikuwa mpya kabisa, umerekodiwa juzijuzi huko Kinshasa. Yule aliyeitwa alikuwa hai.

"Rudisha," Papa akasema. Bosenge akairudisha kanda kwa kalamu, asimalize betri.

Nikanong'ona kwamba ile si orkestra yetu. Papa akanitazama, machozi yanamtoka bila haya.

"Masika, muziki yenye kuita mutoto yangu, ile iko yangu. Kwenda, ita mama yako."

Nilikimbia. Jumapili iliyofuata Mama aliweka sahani ile tena, ila safari hii aliiweka huku anaimba, tena wimbo wa wapinzani, na maneno akiyakosea yote.

Mwanangu, mpende msanii wako. Vaa fulana yake, bishana mpaka sauti ikukauke, ujana ni wako. Lakini usimnyime mtu salamu kwa sababu ya wimbo anaoupenda. Habari niliyoililia ilikuwa kwenye ua nilioapa kutoukanyaga, na aliyeileta ni mtu niliyekataa kumsalimu. Bosenge angekuwa mkaidi kama mimi, tungeendelea kumwomboleza mtu aliye hai.

Mungu akutunze. Na siku jina lako likiitwa mbali na nyumbani, asikose mtu wa kuja mbio mlangoni kwetu.