Nani Alikula Mayai ya Penina

Penina alikuwa mtu wa hasira, wala hakuona haya kwa hilo. Kule Akheri, ubavuni mwa Mlima Meru, wake za watu walijifunza kunyamaza; yeye somo hilo lilimpita. Lakini hasira ya mwaka ule, enzi za Mwingereza, kahawa ilipokuwa ndiyo kwanza inashika vihamba, mashamba ya ukoo yaliyozunguka nyumba za watu, ilikuwa ya haki tupu, na anayebisha abishe.

Chanzo kilikuwa bwana shamba wa serikali. Alipita akaagiza mashina ya kahawa yafunikwe kwa majani makavu ya migomba. Kuku nao, kama kawaida yao, wakayapekua yote. Efraimu, mume wa Penina, aliyeipenda kahawa yake kuliko usingizi, akajenga kibanda cha fito akawafungia humo. Chakula chao kikawa pumba za mahindi na maji, basi.

Haukupita muda mayai yakaanza kupotea. Penina akifungua kibanda, kiota kitupu. Mara mojamoja alikuta yai, akilishika linabonyea, ganda jembamba kama la kitunguu. Jumapili watu walipopeleka kanisani ndizi, maziwa na mayai, sadaka ipigwe mnada nje baada ya ibada, yeye alikwenda mikono mitupu. Watu wakaona.

Mama mkwe wake akaona zaidi. Kwao mwanamke hakula yai tangu enzi za mababu, na hata ubatizo haukuwa umeliondoa hilo. Bibi huyo akashuka mferejini, wanawake wakiteka maji, akapaza sauti:

"Mke wa mwanangu anakula mayai! Anayachemsha kwa siri, maganda anayatupa motoni!"

Neno hilo lilimkata Penina maini. Yai hakuwahi hata kulionja. Kibaya zaidi, Efraimu aliamini. "Likipotea jingine, utarudi kwa baba yako," akamwambia. Mwanamume mzima, msomaji wa Biblia, hakuuliza hata swali moja!

Penina hakulia. Kesho yake umande haujakauka alijibanza nyuma ya kibanda, akachungulia kati ya fito. Tetea mmoja mwekundu akataga, akasimama, akaligonga yai lake mwenyewe. Ganda likapasuka bila shida. Wenzake wakaja mbio, wakala ute, kiini na ganda lenyewe, kiota kikabaki na unyevu tu.

"Mwanaharamu wewe!" Penina akasema huku ameuma meno. Hapo akili ikamfunguka. Zamani kuku hawa walidonoa konokono, changarawe na vipande vya mifupa huko nje. Sasa wanakula pumba. Ganda gumu litatoka wapi?

Akamwita Efraimu, akamwonyesha. Efraimu akatazama, akakuna kichwa.

"Basi, yameisha," akasema. "Jioni nitawafungulia. Na mifupa tutaichoma, tuitwange, tuwape."

"Yameisha kwa nani, baba?" Penina akamjia juu. "Wewe umeona. Mferejini nani ameona?"

Penina akamkamata yule tetea, akamfunga kamba mguuni, akachukua yai jingine lililobonyea, akashuka mferejini. Wanawake walikuwapo wengi, mama mkwe wake katikati yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akaliweka yai chini, akamwachia kuku. Kuku hana aibu. Akalitoboa palepale na kulila mbele ya wote, mdomo wake ukawa wa njano.

Wanawake wakaangua kicheko. Penina hakucheka.

"Mlipoambiwa mwizi ni mimi, hakuna aliyecheka," akasema.

Kicheko kikakatika. Mama mkwe akauinamia mtungi wake, akanong'ona, "Nilikosea, mwanangu."

"Sema kwa sauti, mama," Penina akasema. "Siku ile hukunong'ona."