Sauti ya Bibi Bimdogo

Yule mpiga video wa Masasi simpendi hata anavyotafuna korosho huku akiunganisha picha, kila kitufe kimejaa mafuta ya vidole vyake. Kila bendi huisimamisha mbele ya gari la kuazima. "Gari lionekane," hufoka, kama anafukuza kuku. Tulipompelekea Bibi Bimdogo, mwimbaji wa bendi yetu kutoka Chiwata, jamaa alimpa shikamoo vizuri, akamrekodi. Kwenye kanda tukaisikia sauti ya bibi, lakini anayechezesha midomo ni binti wa saluni. Nikamuuliza yule mpiga video, bibi mwenyewe yuko wapi?

"Zile chale zake za usoni watu wa Dar watazicheka," akajibu bila kugeuka.

Nyuma yake mama yake mzazi, mwenye chale zilezile mashavuni, alikuwa anammiminia chai. Mkono ukasita, kisha akakijaza kikombe.