Nilikubali Niitwe Mlevi, Rama Akafukuzwa

Rama alifukuzwa kazi kwa uongo wangu. Mkosaji ni mimi. Nimeishia darasa la saba na kuandika kwangu ni kwa polepole, lakini kuandika naweza kuliko kusema, ndiyo maana nakueleza wewe usiyenijua.

Nauza vitenge kwenye duka la jumla hapa Kariakoo. Mwenye duka ni mama mmoja wa Kilimanjaro, tunamwita Mama Neema. Ni mtu wa kanisa, mkali, lakini ana huruma. Alinichukua nikiwa sijui hata kukunja kitenge. Na Rama tulikuwa pamoja pale miaka mitatu. Mimi ni mtu wa aibu tangu utotoni, yeye ni mtu wa maneno. Mteja akisimama tu mlangoni, Rama ameshamwita shangazi, ameshamuuliza habari za safari, ameshamkalisha kwenye stuli. Mimi nafungua vitenge, yeye anaongea. Tulielewana hivyo.

Mwaka jana nikaanza kuumwa ugonjwa usioonekana. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nikipanda stoo kuchukua mzigo, najikuta nimekaa juu ya marobota nalia, na ukiniuliza nalia nini sina cha kukujibu. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyenifanyia ubaya.

Mwishowe nikaenda hospitali, bila kumwambia mtu. Daktari akasema ni sonona. Akanipa vidonge, akaniambia nikiona badiliko lolote nirudi. Hayo maneno ya mwisho niliyasikia vizuri kabisa, siwezi kusema sikuambiwa.

Vidonge vilinisaidia. Nilianza kulala, kilio kikapungua. Lakini baada ya wiki mbili kinywa kikawa kikavu muda wote, na ulimi ukawa mzito. Neno nalijua, naliona kabisa kichwani, ila likifika mdomoni linaburuta miguu. Nikisema "karibu mama", inatoka kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Basi nikamwambia Rama hivyo hivyo, kwamba nina jino. Hakuuliza mara ya pili. Akaanza kunisemea kwa wateja. Kila baada ya muda akawa anatoka kwenda kunijazia chupa ya maji, anairudisha ameificha ndani ya shati, kwa sababu Mama Neema hataki maji karibu na vitenge.

"Kunywa bwana," ananiambia. "Halafu kaling'oe hilo jino. Mimi sikuajiriwa kuwa mdomo wako."

Utaniuliza kwa nini sikumwambia ukweli. Mtaani kwetu anayetumia dawa za akili wanasema ana faili, yaani faili la wodi ya vichaa. Nilishawasikia wabeba mizigo wakimtania mwenzao: "Msimsogelee huyo, ana faili." Wanacheka mpaka mwenyewe anacheka, na macho yake hayacheki. Niliogopa hilo neno kuliko ugonjwa wenyewe.

Sasa, dukani kwa Mama Neema kila asubuhi kabla ya kufungua tunasimama nyuma ya kaunta tunaomba, na kila siku anaongoza mmoja kwa zamu. Rama ni Mwislamu, saa hiyo yeye hutoka kufagia kibarazani. Zamu yangu ilikuwa inanitesa hata nilipokuwa mzima. Safari hii ikanikuta na ulimi ule.

Nilianza, "Baba Mungu, tunakushukuru." Hiyo tunakushukuru sikuimaliza. Nikarudia, ikatoka nusu, imelegea. Nikasikia mtu anakohoa kuzuia kicheko. Nikasema amina kabla ya wakati.

Mama Neema akafungua macho. "Wewe umekunywa?"

Nikatikisa kichwa.

"Saa moja na nusu asubuhi, mbele za Mungu, umekunywa. Na wateja walishaniambia, mimi nikawabishia. Nikawaambia kijana wangu ni mpole tu."

Rama alisikia, akaingia na ufagio mkononi. "Mama, huyu ana jino. Ndiyo maana anaongea hivyo."

"Jino?" Mama akanishika kidevu. "Hebu fungua."

Nikafungua. Akawasha tochi ya simu, akanikagua kama mtu anayenunua mbuzi. Meno yangu ni mazima yote.

"Liko wapi hilo jino, Rama?"

Rama akaniangalia. "Si uliniambia una jino?"

Mama akaichukua chupa yangu, akainusa, akairudisha.

"Leo ni maji. Na hizo unazomletea kutwa, umezificha kwenye shati, nazo ni maji? Unadhani sioni?"

"Mama, mimi na pombe wapi na wapi? Mimi?"

"Sisemi na wewe." Akanigeukia, akashusha sauti, na hiyo sauti ya chini ndiyo iliyonimaliza. "Mwanangu, wewe nakujua. Sema ukweli, sitakufukuza. Ni huyu anayekuletea?"

Mfukoni nilikuwa na bahasha ya vidonge, imeandikwa jina langu na namna ya kumeza. Ningeitoa tu, hata kusema kusingehitajika. Lakini wenzetu watatu walikuwa wamesimama pale wanatazama. Nikaona mlevi ni afadhali. Mlevi anaombewa, anataniwa, yanaisha. Mwenye faili hayaishi.

Nikaitikia kwa kichwa. Mara moja tu, na Mama akamwonyesha Rama mlango.

Rama aliegemeza ufagio ukutani. Akasema, "Sawa, kaka," akachukua jaketi lake akaondoka. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Kesho yake Mama Neema aliniwekea mikono kichwani, akaniombea roho ya ulevi initoke. Mimi ambaye bia sijawahi kuionja. Nikaitikia amina.

Halafu nikafanya kosa la pili. Niliona adui ni vile vidonge, nikaviacha vyote kwa mpigo bila kumuuliza mtu. Siku ya tatu kichwa kinazunguka, usingizi umekata, na ulimi bado mzito. Kilio kikarudi, safari hii kikali zaidi. Nilijikokota hivyo karibu wiki mbili. Niliporudi kwa daktari haikuwa kwa sababu nimepata akili, nilikuwa nimechoka tu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hili la ulimi huwatokea baadhi ya watu," akasema. "Ningekubadilishia dawa. Kwa nini hukurudi?"

Akanibadilishia, akanipangia kuanza kidogo kidogo. Mazungumzo yote hayakufika nusu saa. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje, nikawaza kwamba Rama amepoteza kazi kwa jambo la nusu saa.

Ulimi ulianza kuwa mwepesi kama mwezi mmoja baadaye. Nikamwambia Mama Neema asubuhi moja, mbele ya wote, bahasha mkononi. Kuna aliyecheka, kweli. Mama Neema alikaa chini. Akasema niende nikamtafute Rama, nimwambie arudi.

Nilimkuta Ilala, kwenye karakana ya mjomba wake, anapiga msasa miguu ya makochi.

"Mambo?" nikasema.

"Jino limepona?"

Nikampa bahasha. Akaisoma pande zote mbili, akajipangusa vumbi la mbao usoni.

"Sasa hii si dawa tu? Ungeniambia unaumwa, ningekusemea hata hilo."

"Niliona aibu."

"Aibu ilikuwa yako, ukanivalisha mimi."

Nikamwambia Mama Neema ameshajua yote, anataka arudi.

"Sirudi. Na Mama Neema hanidai maelezo, wala mimi simdai." Akaweka msasa chini. "Kuna mtu hujamwambia. Twende."

Alinipeleka kwao, mitaa miwili kutoka pale. Mama yake alikuwa uani anachagua mchele kwenye ungo. Habari ya pombe ilikuwa imemfikia kupitia jirani mwenye duka Kariakoo, na mtaani kwao watu walikuwa wameshaisema mpaka imechuja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Nilisimama nikamwambia. Ulimi ulikuwa bado haujanyooka vizuri, na hofu ikauongezea uzito. Ilichukua muda mrefu. Yule mama hakunimalizia hata neno moja, alinisubiri kila nilipokwama. Nilipofika mwisho aliweka ungo chini. Hakunitazama mimi, alimtazama mwanawe.

"Rama, uliniapia."

"Nilikuapia, mama."

"Na mimi nikawa nakunusa mashati kila ukirudi."

"Najua," Rama akasema. "Nilikuwa nakuona."

Nimekosea mambo mengi katika maisha yangu mafupi, lakini sijawahi kusikia kitu kizito kama hiyo "nilikuwa nakuona".

Rama hajarudi dukani. Tukikutana ananiuliza kama nameza dawa, namjibu ndiyo, basi. Yule mtu wa maneno, kwangu mimi maneno yamemwishia. Sijamlaumu.

Wewe unayesoma hapa na vidonge vyako umevificha, nakuomba unisikie. Ukiona ulimi unakuwa mzito, au lolote usilolielewa, usikate dawa peke yako na usitunge uongo. Rudi kwa aliyekupa, umwambie. Ukishindwa kusema, mwandikie kwenye karatasi kama nilivyofanya mimi hapa, hata ikikuchukua siku nne. Na mtu anayekusemea bila kukuuliza unaumwa nini, huyo mwambie ukweli kabla ya daktari, kabla ya bosi, kabla ya mtu yeyote. Mimi nilikuwa naye mmoja.